Nani Atalima Shamba la Marehemu? Mhadhara kwa Wazazi wa Masakta

Kesi nyingi za mirathi vijijini Hanang hazianzii mahakamani. Huanzia shambani, mvua za kwanza zinapoilainisha ardhi baada ya msiba. Kaka wa marehemu anafika alfajiri na ng'ombe wake wawili na plau, anaanza kupasua upande wa juu. Mjane anasimama upande wa chini na mbegu zake za mahindi na mbaazi. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyetukana. Kila mmoja anaamini shamba ni lake kulima, na kila mmoja anaona aibu kuuliza. Mwaka huo wanalima wote wawili, nusu kwa nusu, huku wakitazamana kwa kona ya jicho. Mwaka wa pili yupo mtu anayeamka na panga.

Wazazi wa Masakta, sawa na wenzao wa Endasak na Nangwa, wana hofu mbili linapokuja suala la sheria na familia. Ya kwanza husemwa wazi: gharama, safari ya Katesh makao makuu ya wilaya, maneno magumu ya mahakamani. Ya pili haisemwi. Ni hofu ya ndugu. Kuandika wosia kunaonekana kujichulia kifo. Kumfikisha shemeji mbele ya hakimu ni kuuanika ukoo juani. Mwanamke anayedai matunzo ya mtoto huitwa mkorofi hata na dada zake mwenyewe. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hofu hii ya pili ndiyo inayowakosesha wazazi usingizi, na kwamba hupungua sana mzazi akishajua ni ofisi ipi inaanza, ipi inafuata, na karatasi gani iandikwe wakati bado watu wanakula sahani moja. Sheria yenyewe ni nyepesi kuliko inavyosimuliwa kilabuni.

Kwanza ni suala la ofisi, kwa kuwa hapo ndipo wengi huchoka kabla hata ya kuanza. Mgogoro wa mpaka wa shamba huanzia baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu kati yao ni wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha. Wakishindwa, shauri hupanda baraza la kata. Na hapa kuna jambo ambalo wazee wengi hawajalisikia: hadi mwaka 2021 baraza la kata liliweza kuamua migogoro midogo ya ardhi, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliliondolea mamlaka ya kuamua na kuliachia usuluhishi tu. Limepewa siku 30. Likishindwa, linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa, na hiyo ndiyo tiketi ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye kushikilia kwamba baraza la kata "lilimpa ushindi" mwaka juzi atashangaa karatasi yake ikiwekwa pembeni.

Mirathi hazina safari hiyo. Kwa marehemu aliyeishi kwa kufuata mila au kwa sheria ya Kiislamu, zinakwenda moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo. Ndoa ina njia yake, watoto wana yao. Mjane aliyepeleka mirathi katika baraza la ardhi, akaambiwa aende kata, kisha kata ikamwambia aende mahakamani, hajafanya kosa lolote. Ametumwa huku na huku tu, na kila nauli iliyopotea imemwongezea imani kwamba sheria ni ya wenye fedha.

Mahakama ya Mwanzo iliundwa kwa ajili ya mtu asiye na wakili. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa hata kusimama humo. Mlango ulifunguliwa mwaka 2021, na ni kwa mahakama zinazoongozwa na hakimu mkazi tu. Mwenye shauri husimama mwenyewe, huulizwa kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kilitangazwa kisheria kuwa lugha ya mahakama zote nchini. Ni hatua kubwa, ingawa bibi wa Masakta ambaye maisha yake yote amezungumza Kiiraqw au Kidatoga haimsaidii sana. Anahitaji mkalimani, na ana haki ya kumwomba. Ushauri mzuri ni kumwambia karani wa mahakama mapema, siku ya kufungua shauri. Asingoje hadi siku ya kusikilizwa, hakimu akiwa na mafaili mengi mezani.

Sasa mirathi zenyewe. Mtu akifariki, cha kwanza ni cheti cha kifo. Kibali cha mazishi au taarifa ya hospitali hupelekwa kwa msajili wa wilaya anayefanya kazi kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kisha ukoo hukutana, na muhtasari wa kikao huandikwa ukimtaja mtu anayependekezwa kusimamia. Kikao hiki ni kizuri na hupunguza maneno, lakini si lango la lazima. Majaji wameeleza zaidi ya mara moja kwamba sheria haimzuii mjane kufungua mirathi kwa sababu tu wakwe zake wamegoma kukaa. Hilo peke yake lingewaondolea wanawake wengi mzigo mkubwa. Mahakamani hujazwa fomu namba 1. Mahakama hutoa tangazo, likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze kwa tarehe iliyopangwa. Asipotokea mtu, au akitokea na hoja yake ikashindwa, msimamizi hupewa barua ya usimamizi. Barua hiyo ndiyo inayodaiwa na benki, na mfuko wa hifadhi ya jamii, na kampuni ya simu yenye salio la marehemu.

Hapo ndipo uongo mkubwa kuliko wote huingia. Watu husema, "Fulani ndiye aliyerithishwa na mahakama." Hakurithishwa chochote. Msimamizi ni mtu wa kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kutoa hesabu. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali, fomu namba 5, na hesabu ya mgawanyo, fomu namba 6. Akihitaji muda zaidi, anaomba mahakama. Wasimamizi wengi hawafanyi hivyo. Wanaifunga barua ndani ya sanduku, wanauza ng'ombe mmoja mmoja, na warithi wananyamaza wakidhani barua ni hati ya umiliki. Mrithi yeyote, hata kijana wa miaka 20 ambaye kila mtu humwita mtoto, anaweza kwenda kwa karani na kuuliza kama fomu hizo zimewasilishwa. Kama hazipo, anaweza kuiomba mahakama imwite msimamizi ajieleze, na ikibidi uteuzi wake utenguliwe. Kuuliza huko si ugomvi. Msimamizi mwaminifu hana cha kupoteza kwa swali kama hilo, na ukoo uliozoea kuuliza hujenga wasimamizi waaminifu.

Je, binti? Je, mjane? Wazazi hupaza sauti zaidi hapa kuliko penginepo. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimpa binti haki ya kulitumia shamba la ukoo bila kuliuza, na zikamwacha mjane atunzwe na watoto wake badala ya kupewa fungu lake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kutoka Kagera. Bi Holaria alikuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akapinga kwa mila za Kihaya. Jaji alisema mwanamke anarithi na kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume, na kwamba ndugu anayetaka kulikomboa shamba arudishe fedha ndani ya miezi sita. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliandika kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kuitumia na kuimiliki ardhi ni batili. Hata hivyo kanuni za 1963 hazikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imewakosea. Kwa hiyo mzazi anayetegemea kwamba mambo "yatajipanga yenyewe" nyuma yake anawaachia watoto wake sheria mbili zinazotazamana.

Njia ya kuepuka hayo ni wosia, na ajabu ni kwamba sheria ya mila yenyewe inaukubali, hata wa mdomo. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Ukiandikwa na anayejua kusoma, mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kwa asiyejua kusoma, wanne. Uandikwe kwa wino, uwe na tarehe, na shahidi asiwe yule anayepewa mali. RITA pia huandika na kutunza wosia kwa anayetaka utunzwe mbali na mikono ya nyumbani. Wazee wanaosema wosia huita kifo wanasahau kwamba wao wenyewe huandika wosia kila mwaka bila wino. Mzee anayemwonyesha kitinda mimba mpaka wa shamba lake na kumwambia, "Hapa pako," tayari ameusia. Kilichokosekana ni watu wanne wa kusikia.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka jambo moja ambalo hupuuzwa na baadaye huwagharimu watu miaka. Talaka haifunguliwi mahakamani kabla ya wanandoa kupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa, iwe la kata, la kanisa au la msikiti, na baraza hilo likatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Yapo mazingira machache ambayo mahakama inaweza kuruka hatua hiyo, lakini si ya kutegemewa. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri yaliyokuwa yameshaamuliwa ngazi za chini, mali imeshagawanywa, kwa sababu hati ya baraza haikuwapo au haikuwa halali. Wanandoa hurudi mwanzo kabisa, wakiwa wamezeeka kidogo na wamechukiana zaidi. Basi anayekwenda kata aulize swali moja kabla ya kuondoka: hati iko wapi?

Juu ya mali ya ndoa, kesi inayotajwa kila mahali ni ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali miaka ya 1980. Hapo ndipo ilipokubalika kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya familia. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alitapanya mtaji aliopewa na mumewe kwa ajili ya familia. Aliwafungulia wenzake mlango, na yeye akabaki nje.

Watoto ndio kidonda chenyewe. Ukipita Masakta ukauliza mtoto ni wa nani wazazi wakiachana, wengi watakujibu, "Akifika miaka saba ni wa baba." Sheria haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni vizuri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya miaka saba dhana hiyo inakoma, na hakuna dhana nyingine inayochukua nafasi yake. Mahakama hutazama maslahi ya mtoto, pamoja na maoni yake mwenyewe anapokuwa na umri wa kuyatoa. Kina baba wengi wamesubiri mtoto atimize miaka saba ili waje kumchukua wakiongozana na wajomba, na kina mama wengi wamemficha mtoto Singida kwa sababu ya sentensi ambayo haimo katika sheria.

Matunzo nayo yamebadilika. Kabla ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mama wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa angeweza kupewa shilingi 100 kwa mwezi, kiasi kilichobaki katika vitabu vya sheria wakati hakinunui hata kiberiti cha maana. Sheria ya 2009 ilifuta hilo. Leo kiasi hupangwa kwa kutazama kipato cha mzazi na mahitaji ya mtoto, na mahali pazuri pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye huwaita wazazi wote wawili, huandika makubaliano yao, na wasipokubaliana huandaa taarifa kwa ajili ya mahakama. Baba akikana mtoto, kipimo cha vinasaba hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Mtu haendi huko peke yake na mtoto mgongoni.

Lipo eneo moja ambalo hofu ya mzazi ni halali, na haifai kutulizwa. Sheria ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Aidha, tangu 2016 Sheria ya Elimu inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Baba aliyepokea ng'ombe wa mahari kwa ajili ya binti wa kidato cha pili ana sababu nzuri ya kutolala, na dawa yake ni kurudisha ng'ombe.

Nchi hii ya Hanang na Mbulu haikuanza kusuluhisha familia siku mahakama ilipojengwa. Wairaqw hufunga vikao vyao kwa slufay, ile dua ndefu ya mzee ambayo watu huiitikia kwa pamoja, na mtu aliyeitikia hutoka pale akiwa amejifunga mbele ya majirani. Kwa Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, kulikuwa na baraza la wanawake, lililoelezwa na mwanaanthropolojia George Klima katika kitabu chake cha mwaka 1970, ambalo liliweza kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyemkosea mwanamke. Wake wa Kibarabaig walikuwa pia na ng'ombe waliotoka nao kwa wazazi wao, na mume hakuwachezea. Anayedai kwamba mila za hapa hazimtambui mwanamke hajaziuliza vizuri. Kisichofaa ni kuzitumia nusu: kuleta mila siku ya kugawa shamba, na kuisahau siku ya faini. Kikao cha wazee kikimalizika, makubaliano yake yakiandikwa, yakasainiwa na pande zote na kupigwa muhuri wa mtendaji wa kijiji, huwa ushahidi ambao hakimu anaweza kuupima. Slufay na muhuri havigombani.

Suala la karatasi lilipata uzito mpya tarehe 3 Desemba 2023, pale matope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kupita katika makazi ya Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilizosombwa zilikwenda na masanduku yake, na ndani ya sanduku ndimo familia nyingi za huku huweka kila kitu: vyeti vya watoto, hati za shamba, cheti cha ndoa. Habari ya kutuliza ni kwamba karatasi nyingi kati ya hizo zina ndugu zake mahali pengine. Hati ya hakimiliki ya kimila huwa na kumbukumbu katika masjala ya ardhi ya kijiji na nyingine wilayani. Cheti cha kuzaliwa kimo katika kumbukumbu za RITA, na nakala hutolewa kwa anayeomba. Kinachoumiza ni kile ambacho hakikuandikishwa kabisa. Mtoto asiye na cheti, aliyepoteza wazazi wote wawili, analazimika kuthibitisha kwa maneno ya watu kwamba yeye ni mtoto wa nani. Na hati ya shamba yenye jina la mume peke yake humlazimu mjane kuanza kueleza alikuwa nani, ingawa sheria iliruhusu tangu mwanzo majina ya wote wawili yaandikwe, na hata ya wake zaidi ya mmoja.

Kwa anayetaka msaada, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa vijijini waliopewa mafunzo na kusajiliwa. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, ilipeleka mawakili na maafisa mikoani kusikiliza migogoro ya ardhi, mirathi na ndoa kwenye viwanja vya vijiji. Kampeni huja na kuondoka; msaidizi wa kisheria hubaki, na ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani ndiyo inayoweza kumwelekeza mtu kwake. Hawezi kumwakilisha mtu mahakamani kama wakili, lakini anaweza kumjazia fomu, kumweleza tarehe, na kumsindikiza hadi kwa karani. Huduma hiyo ni bure. Akitokea mtu anayejiita msaidizi wa kisheria na kudai fedha ya kuandika au kuku wa shukrani kabla ya kazi, mwananchi ana haki ya kukataa, na ya kulipeleka jina lake kwa msajili msaidizi wa msaada wa kisheria katika ofisi ya halmashauri, Katesh.